Uti wa Jani

Mashine ilimpita mama kimya kimya,
mkono wake mweupe ukielea juu ya nyonga
kama fundi apimaye kitambaa na hana mkasi.
"Usitikisike, bibi," akasema binti wa zamu.
Mama hakutikisika.
Amekwisha kusimama kwenye mteremko wa Çayeli
mvua ikibomoa ngazi za shamba chini ya viatu vyake.
Kitanda cha hospitali ni kitu gani?

Daktari Tayfun, kijana wa Samsun, akatuonyesha picha.
Nilitegemea kuona mfupa. Niliona sega,
sega la nyuki lililokwisha kulambwa.

"Jua unapata?"
Jua la huku, mwanangu, ni mgeni wa harusi:
huja amechelewa, na ameshashiba kwingine.
"Maziwa?"
Nilipokuwa na ng'ombe.
"Na chai?"
Hapo mama alicheka hadi skafu ikamteleza.

Kijana akaona haya, akaeleza polepole.
Wapo waliochunguza, alisema, wakaona
wanywaji wa chai nyonga zao zimeshiba kidogo zaidi.
Kidogo. Wengine walitafuta wasione kitu.
Si dawa, bibi. Tuseme haikudhuru.
Ukinywa kwa kiasi.

Kwa kiasi!
Nyumbani kwetu birika hukaa juu ya birika
tangu adhana ya alfajiri mpaka mbwa wanyamaze,
na bilauri ile ndogo yenye kiuno cha nyigu
haijui maana ya kukauka.

Mama akafunga skafu upya, akauliza:
"Hao waliochunguza,
walimpima anayeinywa.
Anayeibeba, je, walimpima?"

Daktari akatazama kalamu yake.

Kilo thelathini na tano, kapu moja.
Makapu manne kwa siku, ukungu ukikubali.
Mei, kisha Julai, kisha Septemba,
mkasi wenye mfuko ukilia kwaka kwaka kifuani,
na kamba za kapu zikichora mabegani
mistari ambayo hamamu haijawahi kuifuta.
Jirani zetu walifunga waya wa chuma,
mzigo ukapanda mlima peke yake kama malaika mnene.
Sisi pia tulikuwa na pesa za waya.
Zilikuwa ndani ya kopo la chai, rafu ya juu,
mpaka barua ya chuo ikaja kutoka Trabzon
yenye jina langu.

Mimi ni mfamasia leo. Nauza kalisi kwa vidonge.
Nasoma maandishi madogo kwenye boksi
kwa macho yaliyolipiwa na mgongo wa mtu.

Jani la chai, ukiligeuza, lina uti katikati,
mwembamba, umenyooka, na vijiti pembeni mwake.
Mama alinifundisha kuushika kabla sijajua kusoma:
hapa laini, hapa gumu, hapa usikate.
Uti wa jani aliujua kwa ncha za vidole.
Uti wa mgongo aliuachia Mungu.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao.
Mchuma jani, je?
Huyo hunywisha wa mbali.
Sasa hivi, mahali fulani tusipopajua,
mtu anamimina, anapuliza, anafunua gazeti,
na mifupa yake inaneemeka taratibu
kwa kitu kilichopanda mlima juu ya mifupa mingine.
Simlaumu. Na apone.
Ila ningependa, anapoweka kikombe chini,
asikie kishindo kidogo cha kapu.

Tuliporudi, nilimsimamisha kwenye mwimo wa mlango
palipo na alama ya kalamu ya mwaka alioolewa.
Amepungua vidole vinne.
"Nyumba imekua," akasema, akaenda kuwasha jiko.

Usiku nikalishusha kopo la chai rafu mbili chini
nisiseme kitu, naye asiseme kitu.

Asubuhi nilikuta limerudi juu kabisa,
na chini yake kigoda,
na juu ya kigoda mama,
nyonga zake za sega, soksi zake za sufu,
ananyoosha mkono:
"Usitikisike," akaniambia. "Nimeshalipata."